Uzi Mwekundu na Herufi S

Kabla sijasimulia lolote, niseme wazi kwamba herufi S haina kosa. Nimeiandika kwenye karatasi zangu za oda kwa miaka ishirini na tisa. S ni suruali. S ni sketi. S ni shati pia, na mara moja ilikuwa shuka la mtu mwenye kitanda cha duara. Mimi nilikuwa najua ipi ni ipi kwa sababu niliyempima nilimwona kwa macho yangu, na nikishamwona mtu kiuno chake hakinitoki kichwani. Watu waliponiuliza kwa nini siandiki neno zima, niliwaambia mimi ni fundi cherehani, si karani.

Basi, kuna mtoto wa kaka yangu. Baba yake humwita Injinia tangu akiwa na miaka saba, siku alipofungua redio ya nyumbani vipande vipande akashindwa kuirudisha. Baba mwingine angemchapa. Kaka yangu aliita majirani waje waone. Sasa binti amekua, anasoma mambo ya kompyuta, na anakaa kwangu kwa sababu chuo chake kiko mwendo wa dakika ishirini kutoka karakanani kwangu. Analala chumba cha nyuma pamoja na marobota ya vitambaa na hajawahi kulalamika.

Kulikuwa na somo moja lililomkaba koo. Linaitwa usanifu wa kompyuta, na linahusu yale yanayotendeka ndani ya mashine pale unapobonyeza kitufe ukakaa kusubiri. Alilifanyia mtihani akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, mtihani wa mdomo, yeye na mhadhiri wake uso kwa uso, na barua ya chuo ilisema akishindwa hapo afungashe virago. Niliisoma barua ile mara nne nikitafuta mahali penye huruma, sikupaona.

Baba yake hakujua. Kila alipopiga simu kuuliza Injinia wake anaendeleaje, nilimjibu kwamba mtoto anafaulu vizuri tu. Nilisema hivyo baada ya mara ya kwanza, nikasema hivyo baada ya mara ya pili, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa inachangamka sana nikawa naongeza chumvi. Mara ya mwisho nilimwambia walimu wanamwogopa.

Jumatatu ya wiki hiyo nilimkuta amelaza kichwa juu ya meza ya kukatia, analia kimya kimya juu ya robota la kitambaa cha kijivu. Nikamwambia kitambaa kile ni cha wateja, ajifute kwanza ndipo tuzungumze. Kilikuwa cha chama cha wakunga: sketi arobaini za marinda, zote rangi moja, zinatakiwa Ijumaa asubuhi kwa ajili ya mkutano wao. Hadi siku hiyo nilikuwa sijakata hata moja, na mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kulia, ila nafasi ya mezani ilikuwa imeshachukuliwa.

Akaniambia kinachomshinda ni bomba. Nikamwambia bomba la uani limetushinda sote, tangu juzi halitoi tone. Akacheka kidogo, kisha akanieleza. Ndani ya kompyuta kuna kichakataji, na kazi yake ni kutekeleza amri. Kila amri hupita hatua kadhaa: inachukuliwa, inasomwa maana yake, inatekelezwa, na jibu linaandikwa. Kichakataji cha kizamani kilikuwa kinaishughulikia amri moja mpaka mwisho ndipo kinachukua nyingine. Cha kisasa kimepangwa kama bomba, amri ya kwanza ikisogea hatua moja, ya pili inaingia nyuma yake. Akaongeza kwamba mashine za siku hizi zina nyuzi nane, yaani hufanya kazi nane kwa wakati mmoja. Nikamwonyesha rafu yangu. Nina nyuzi mia mbili na kumi, na hakuna chuo kilichonipa cheti.

"Maneno nimeyakariri yote, Shangazi," akasema. "Akiniuliza kwa nini, naona giza."

Yeye akainua macho akaanza kuitazama karakana. Kwenye kiti cha dirishani alikaa Bibi Vifungo, ambaye ndiye anayetia vifungo na zipu na kupinda pindo, na wakati ule alikuwa anasinzia sindano ikiwa mkononi. Kwenye kona alikaa Mvuke, mpiga pasi wetu, jitu la watu lenye mikono mikubwa na roho ya kupenda usafi kupita kiasi. Pasi yake ilikuwa ya moto na mbele yake hakukuwa na kitu. Ndivyo tulivyozoea. Mimi nachukua karatasi ya oda kwenye msumari wa ukutani, nasoma, nakata, nashona, nampa Bibi, Bibi anampa Mvuke, Mvuke akishafunga kwenye karatasi ya kaki ndipo nachukua oda nyingine. Nguo moja, saa moja.

"Shangazi," binti akasema taratibu, "wewe ndiye kichakataji cha kizamani."

Nimewahi kutukanwa na wateja, na wasambaza vitambaa, hata na mchumba wangu wa kwanza, lakini sijawahi kutukanwa kitaalamu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimjibu nilipouona uso wake. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu sijakiona tangu siku ya redio. Akaniomba nimwachie karakana kwa siku tatu. Yeye aione kazi ya bomba kwa macho yake, mimi nipate sketi zangu. Nikakubali, kwanza kwa sababu nampenda, na pili kwa sababu sketi arobaini kwa saa moja moja zilikuwa hazifiki Ijumaa hata ningeshona kwa mikono na miguu.

Jumanne akatupanga. Yeye alisimama penye msumari: kazi yake kuchukua karatasi, kusoma, kupiga chaki na kukata. Mimi nashona tu. Bibi zipu na pindo. Mvuke pasi na kufunga. Akachukua kopo la maji la Mvuke na kijiko, akasema kila kompyuta ina saa yake, na saa yetu ndiyo hiyo: kopo likilia, kila mtu anampa wa mbele yake alichonacho na kupokea kutoka kwa wa nyuma yake. Mvuke aliuliza yeye atampa nani. Akaambiwa yeye ndiye mwisho wa dunia.

Mimi nilitaka kopo lilie kila baada ya dakika kumi na tano, kwa kuwa mimi ni mwepesi. Lakini Bibi Vifungo hawezi kumaliza zipu na pindo chini ya dakika ishirini, na alitutangazia kwamba hajawahi kuharakishwa na mtu tangu azaliwe, na hata kuzaliwa kwenyewe alichelewa. Basi kopo likawa la dakika ishirini, na mimi nikawa namaliza mapema na kukaa nikitazama ukuta. Hilo lilinikera sana. Binti alilifurahia mno, akaandika kwenye daftari kwamba saa ya mashine hufuata hatua iliyo nzito kuliko zote, na akapigia mstari chini yake mara mbili.

Kisha tukagundua kwa nini Bibi ni mzito. Kwa kila sketi alikuwa anavuka uani kwenda stoo kuleta kifungo kimoja na zipu moja, anasalimiana na jirani, anarudi. Binti akajaza vifungo na zipu kwenye mkebe wa biskuti akamwekea Bibi mapajani. Alisema hiyo ndiyo kumbukumbu ya karibu: kompyuta nayo haiendi stoo kila mara, inaweka jirani vitu inavyovitumia sana. Bibi alilalamika kwamba sasa hana habari za jirani. Lakini zipu ziliingia kwa wakati na hakutukasirikia zaidi ya hapo.

Tatizo likabaki moja, na nalo lilikuwa mwandiko wangu. Kila alipofika kwenye S, binti alipaza sauti kuniuliza hii ni suruali au sketi. Mimi nasimamisha cherehani, naenda msumarini, naitazama karatasi, namkumbuka mtu, nasema sketi. Wakati huo Bibi hana kitu, Mvuke hana kitu, kopo linalia tunaangaliana. Kufikia mchana wa Jumanne tulikuwa tumesimama namna hiyo mara sita, na mara zote sita jibu lilikuwa sketi.

Ndipo akasema tuache kuulizana, tubashiri. Kompyuta nazo hufanya hivyo hivyo zinapofika njia panda: badala ya kusimama kungoja jibu, zinakisia kutokana na yaliyotangulia na kuendelea na kazi. Yeye atakata sketi, lakini kiunoni atafunga uzi mwekundu. Uzi mwekundu maana yake hii tumebahatisha. Mimi nikipata nafasi nitaikagua na karatasi yake, na nikiridhika nitaukata uzi. Mpango ulikuwa mzuri na ninausifu hata leo. Jumatano tulitoa sketi ishirini na nne, na mimi nilikuwa nakata nyuzi nyekundu huku naimba.

Alhamisi asubuhi, karatasi ya thelathini na tisa, binti alikuta maneno haya kwa mkono wangu: Mwalimu. S. Kijivu. Kiuno 34, urefu 41.

Sasa naomba mnisikilize. Neno mwalimu halisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Wakunga wana walimu wao. Na sketi thelathini na nane za kijivu zilikuwa zimetangulia. Binti akabashiri, akakata, akafunga uzi wake mwekundu, akanipa. Mimi nikaishona. Ndiyo, niliuona urefu ule, nikasema moyoni mkunga huyu amejaliwa kimo, nikaendelea. Siku tatu nilikuwa nimeambiwa nishone tu nisifikiri, na nilikuwa nimezoea haraka kuliko nilivyotarajia.

Ilipofika kwa Mvuke mimi nilikuwa uani, naongea na kaka kwenye simu. Alikuwa ananiuliza Injinia anaendeleaje. Namwambia vizuri tu, kesho ana mtihani mdogo wa kawaida. Wakati nayasema hayo tarishi wa chuo aliingia karakanani akamuuliza Mvuke kuhusu mzigo wa Mwalimu, Mvuke akampa, akaondoka nao.

Ijumaa binti aliondoka saa moja asubuhi, sauti imemkauka. Nilimtengenezea ukosi wa blauzi mara tatu, ukosi ambao haukuwa na tatizo. Saa mbili mkuu wa wakunga akaja na wenzake wawili, wakahesabu sketi arobaini, wakaridhika, wakaenda zao wakicheka. Nikakaa chini. Nikamwambia Bibi angalau lile la wakunga limekwisha, na ile suruali ya Mwalimu nayo imeshachukuliwa.

Bibi akasema, "Suruali gani? Wiki hii mimi sijashika zipu ya suruali hata moja."

Nikaenda kwenye kibweta cha karatasi zilizokwisha. Nikaikuta. Nikaisoma S yangu kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine anavyoisoma. Nikamuuliza Mvuke kama ule mzigo ulikuwa na uzi mwekundu. Akajibu kwa fahari kwamba ulikuwa nao, akauchomoa, kwa sababu kwake haipiti nguo yenye uzi unaoning'inia. Alikuwa ameuweka kwenye mfuko wa shati. Akautoa akanionyesha jinsi ulivyo mrefu.

Yule Mwalimu nilimkumbuka vizuri. Ni mwanamume mwembamba, alikuja na baiskeli, akaiingiza hadi ndani akaiegemeza kwenye robota. Alinieleza kwamba huendesha akiwa amevaa kaptura na kubadilisha nguo ofisini, na kwamba suruali yake nzuri imeliwa na mnyororo, na Ijumaa hawezi kutahini watu akiwa na kaptura. Kutahini watu. Ijumaa. Na mtoto wangu alikuwa ameshaniambia mara ngapi kuhusu mhadhiri wake anayepiga kengele ya baiskeli kwenye korido za chuo ili wanafunzi wapishe.

Kichwani nilimwona yule mtu amefungua karatasi ya kaki, ameinua sketi ya marinda inayomfika kwenye vifundo, imepigwa pasi kwa upendo. Nikamwona mtoto wa kaka yangu anaingia kwenye ofisi hiyo akiomba kufaulu. Kisha nikasimama, nikawaambia tuna chini ya saa moja.

Nilikata suruali ile kwa dakika nane, sijui mkasi ulipita wapi. Kwa bomba isingewezekana, maana bomba linasaidia nguo zikiwa nyingi, na mimi nilikuwa na nguo moja. Hapo nikakumbuka somo lingine alilokuwa analikariri, kazi sambamba: kazi moja ikigawanyika, igawe, watu wafanye kwa pamoja. Suruali ina miguu miwili, na Mungu ameigawa vizuri. Nikamkalisha Bibi Vifungo kwenye cherehani kuukuu ya akiba, nikampa mguu wa kulia aupime, aushone na kuupinda. Mimi nikachukua wa kushoto. Mvuke akawa anapiga pasi mkanda wa kiuno. Tulikuwa tunakwenda mbio ajabu, na kwa dakika kumi na tano nilijiona nimesoma chuo.

Shida ya miguu miwili ni kwamba lazima ikutane. Tulipoikutanisha, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kwa inchi mbili. Futi ya kupimia ya Bibi imekatika mwanzoni, inaanzia namba mbili. Yeye analijua hilo, na kwa miaka yote huongeza mbili kichwani, ila safari hii kwa haraka alisahau. Hatukuwa na muda wa kulaumiana. Nikaviringisha suruali kwenye kaki nikatoka mbio, pini mdomoni na futi shingoni.

Nilifika saa tatu na dakika kumi. Mlango ulikuwa umeandikwa usiingie, mtihani unaendelea. Nikagonga huku naingia.

Mhadhiri alikuwa amekaa nyuma ya meza kubwa, shati jeupe, tai, na amejisogeza ndani hadi meza imembana kifua. Mbele yake, juu ya makaratasi, ilikuwa sketi yangu, imekunjwa vizuri. Binti alikuwa kwenye kiti cha upande wa pili, mikono mapajani, macho kwenye kaki iliyochanika yenye mwandiko wangu. Baadaye aliniambia alikuwa ameulizwa maswali matatu na hakujibu hata moja, kwa sababu aliiona ile sketi kabla hajakaa, na kila alichokisoma kikayeyuka.

Nilianza kumwomba radhi Mwalimu kwa maneno niliyoyapanga njiani, kwamba mimi ni shangazi wa huyu binti na kosa ni la karakana yangu. Akainua mkono nikanyamaza. Nikaweka suruali mezani. Hakuigusa.

"Sivai kitu mpaka nielewe," akasema, kisha akamgeukia binti. "Swali la nne. Karakana ya shangazi yako ni mashine. Niliingiza oda ya suruali, ikatoka hii. Nieleze."

Nikasema moyoni binti amekwisha, na mimi ndiye nimemmaliza. Kisha akaanza, mwanzoni kwa sauti ndogo, kueleza msumari na kopo na hatua nne. Alieleza kwa nini kopo lililia kila dakika ishirini na si kumi na tano. Alieleza mkebe wa biskuti. Sauti ikawa inapanda, mikono ikatoka mapajani, na alipofika kwa Bibi kupoteza habari za jirani mhadhiri akageuza uso dirishani, mabega yanamtikisika.

Akamuuliza kwa nini hakusubiri kuulizia ile S. Akajibu kwamba angesubiri, watu watatu mbele yake wangekaa bure, na walishakaa bure mara sita. Akamuuliza kwa nini sketi. Akajibu kwamba thelathini na nane zilizotangulia zilikuwa sketi.

"Kwa hiyo kubashiri ndilo kosa?"

"Hapana, Mwalimu. Kubashiri kulituokoa siku mbili. Kosa ni kitu kilichobashiriwa kutoka mlangoni kabla hakijathibitishwa. Uzi mwekundu ulikuwa alama yangu kwamba hii bado ni ya kukisia. Alama ilipochomolewa, mashine ikaiona kama ni kweli."

"Na kama mngegundua mapema?"

"Tungeitupa hiyo na yote yaliyotokana nayo, tukarudi pale pale penye njia panda tukaanza upya. Hasara ni nguo moja."

Mhadhiri aliandika kitu. Kisha akaweka kalamu chini akasema bado hajaambiwa chanzo. Uzi ulichomolewa, sawa, lakini kwa nini kulikuwa na kitu cha kubashiri tangu mwanzo?

Nikajua binti analijua jibu, maana alinitupia jicho mara moja akaliondoa haraka. Alikuwa tayari kuanguka mara ya tatu, akapoteza chuo, kuliko kunisema mbele ya mteja. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Mimi sitavunjika."

"Amri moja ilikuwa na maana mbili," akasema, anaitazama meza. "Na njia ya kuzitofautisha ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Alipokuwa anafanya kazi peke yake ilitosha. Sisi tuligawana kazi, hatukugawana kichwa."

Kwenye korido mtu alipita anaburuta kiti. Miaka ishirini na tisa nimekuwa nikijisifu kwa kile kichwa, na nilikuwa nimekibeba peke yangu kama vile ni cheo.

Mhadhiri akachukua suruali, akatuomba tugeukie ukuta. Tukageuka. Tulisikia kiti, zipu, kisha sauti yake ikiuliza kwa upole kama mguu wa kulia umepunguzwa makusudi kwa ajili ya mnyororo. Mimi nilikuwa nimeshakubali kusema ndiyo. Binti akageuka, akautazama kwa sekunde moja.

"Hiyo ni kazi sambamba, Mwalimu. Mafundi wawili, kila mmoja na futi yake, na hakuna aliyezilinganisha kabla ya kuanza."

Mhadhiri akampa alama sabini na mbili. Alisema zilikuwa sabini, na mbili ni za zile inchi. Suruali hakuirudisha, anaivaa hivyo hivyo na mnyororo hauigusi. Sketi nayo aliing'ang'ania, siku hizi anaipeleka darasani kila mwaka anapofika kwenye sura ya kubashiri, na wanafunzi wananiita Fundi Kichakataji nikipita pale getini. Karatasi zangu sasa zina neno zima. Nakiri kwamba kuliandika kunachukua sekunde tatu tu.

Tulipotoka nje nililia koridoni bila aibu, futi shingoni, yeye ananipigapiga mgongo kama mtoto mchanga. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa kaka, anauliza Injinia amefanyaje ule mtihani mdogo wa kawaida.

Ningeweza kusema vizuri tu, na safari hii ingekuwa kweli. Lakini niliikumbuka ile miezi yote ya vizuri tu niliyomtumia bila uzi mwekundu hata mmoja. Nikamwambia ukweli: kwamba alianguka mara mbili, kwamba leo ilikuwa ya mwisho, kwamba mimi nilikuwa nakisia tu na kumpa kama habari ya uhakika, na kwamba amefaulu sasa hivi, kwa haki, nimeona kwa macho yangu. Kisha nikasikia kaka anapenga kamasi.

"Kwa hiyo," akauliza, "walimu hawamwogopi?"

Nikachungulia ofisini. Mhadhiri alikuwa amesimama katikati ya chumba, mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, anafungua daftari ambalo binti alilisahau mezani na kunakili ule mstari uliopigiwa chini mara mbili. Nikamwambia kaka yupo mmoja anayemwogopa, na huyo nimeshamthibitisha.